Msaada: kukompaili QGIS 3.34 kutoka sosi kodi, laptopu ina RAM 4GB, inakatika katikati

mchora_mitaro

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya kukompaili (kugeuza sosi kodi kuwa programu) maana hapa nimekwama kabisa.

Nipo Dar, kazi yetu ni kuchora mitaro ya maji ya mvua na nyumba zilizo kwenye maeneo yanayofurika, kazi ya aina ile ambayo Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za Dar, walianza nayo 2015, na kila kitu tunamalizia kwenye QGIS (programu ya kutengeneza ramani), tunatoa atlasi ya ramani za mitaa halafu tunawapelekea wenyeviti wa serikali za mitaa. Sasa kuna mwenzetu anajua C++ vizuri, ameandika kiraka kidogo (mabadiliko ya kodi) cha kubadilisha namna faili za atlasi zinavyopewa majina wakati wa kuekspoti, katutumia kama faili ya .patch, na mi ndo nimepewa kukijaribu kabla hajakipeleka kwa wenye mradi. Kwa hiyo QGIS ya kudaunlodi iliyo tayari hainisaidii, lazima nikompaili.

Mashine: Ubuntu 22.04, RAM 4GB, prosesa kore 4, SSD ina nafasi kama GB 60. Ndani tayari kuna QGIS 3.34 niliyoweka kutoka ripo ya qgis.org na hiyo ndo tunafanyia kazi kila siku, SITAKI iharibike jamani, kazi za watu zipo humo.

Nilichofanya:

```
git clone --depth 1 --branch release-3_34 https://github.com/qgis/QGIS.git
cd QGIS
git apply ../atlasi.patch
mkdir build && cd build
cmake -G Ninja ..
ninja
```

cmake mwanzoni ilikuwa inalalamika haioni hiki haioni kile, nikawa naweka pakeji moja moja mpaka ikakubali. ninja ikaanza, ikaenda vizuri mpaka kama theluthi hivi, mashine ikawa nzito hadi kishale cha mausi hakisogei, halafu ikatoa hii:

```
c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
compilation terminated.
ninja: build stopped: subcommand failed.
```

Nikirudia inakatika tena ila kwenye faili nyingine. Sasa shida ni kodi, ni kiraka cha mwenzetu, au kompaila yangu? Na swali la pili, ikishamaliza naiwekaje bila kugusa ile ya kazini?

---

kijana_wa_pwani

Pole sana. Kwa RAM hiyo mi ningekushauri utumie Flatpak tu (programu iliyofungwa tayari na vitu vyake vyote), QGIS ipo Flathub, duka la Flatpak, unaivuta inakaa pembeni yake haigusi ile nyingine na maisha yanaendelea. Kukompaili mradi mkubwa hivyo kwenye 4GB ni kujitesa.

---

fundi_terminali

@kijana_wa_pwani Flatpak ni nzuri ila kasema anataka kujaribu kiraka ambacho bado hakijaingia kwenye mradi, Flathub hawana hicho kiraka. Hapa hakuna njia ya mkato.

@mchora_mitaro twende taratibu. Kwanza toa wasiwasi, kodi haina shida na kiraka hakina shida. Ukiona neno Killed ujue kompaila haikukuta kosa lolote kwenye kodi, imeuawa. Aliyeiua ni kerneli ya Linux yenyewe, RAM ikiisha kabisa inachagua programu inayokula nyingi inaifunga ili mashine isife yote. Ndo maana kila ukirudia inakatika kwenye faili tofauti, kosa la kodi lingekamatia palepale kila mara. Hakikisha kwa hii:

```
sudo dmesg | grep -i "out of memory"
```

Utaona mstari unaitaja cc1plus, ndo kompaila ya C++ yenyewe, kwa jina.

Sasa kwa nini imeisha. Umeandika ninja peke yake, na ninja usipoiambia kitu inachukua idadi ya kore inaongeza mbili, kwa hiyo kwenye kore zako 4 ilikuwa inakompaili faili 6 kwa mpigo. Faili ya kawaida ya C++ yenye heda za Qt inaweza kula zaidi ya MB 500, na QGIS ina zile faili za kuunganisha Python zinazotengenezwa na zana iitwayo SIP, zinaitwa sip_corepart0.cpp na ndugu zake, hizo moja tu inapita GB 1 bila shida. Piga hesabu mara sita kwenye 4GB ambayo Ubuntu na brauza zishachukua nusu yake.

Fanya hivi, ongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa). Ubuntu huwa tayari ina /swapfile hiyo iache, tengeneza ya pili:

```
sudo fallocate -l 8G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2
free -h
```

Hapo kwenye free -h utaona swapu imeongezeka. Halafu funga brauza, funga kila kitu, rudi kwenye build uandike

```
ninja -j1
```

Haianzi upya, inaendelea ilipoishia, faili zilizokwisha hazirudii. Ukiona mashine ina pumzi jaribu -j2, ila zikifika zile za SIP rudi -j1. Itachukua masaa mengi sikufichi, iache usiku ikiwa kwenye chaji.

---

dada_debiani

Naongezea kwa alichosema fundi, na hapa naomba unisikilize kabla hujaendelea na hiyo build kwa sababu kuna kitu kwenye cmake yako kinaniogopesha kuliko hata RAM.

Hukuweka CMAKE_INSTALL_PREFIX. Usipoweka, inachukua /usr/local, na siku utakapoandika sudo ninja install itamwaga faili zake humo, programu kwenye /usr/local/bin na laibrari kwenye /usr/local/lib. Kwenye Ubuntu /usr/local/bin inasomwa kabla ya /usr/bin, kwa hiyo ukiandika qgis itafunguka ya kwako badala ya ile ya kazini, na ile ya kazini nayo inaweza kuanza kushika laibrari za kwako maana zote ni 3.34 na majina yanafanana. Hapo ndo utaona plagini zinakataa, Python inaleta moduli ya huku na laibrari ya kule, na mtu anamaliza siku nzima hajui tatizo liko wapi. Wewe umesema kabisa kwamba kazi za watu zipo humo. Basi QGIS ya majaribio iishi nyumbani kwako, kwenye folda yako, na isiguse sudo hata mara moja.

Mi ningeanza upya cmake kwenye folda mpya hivi:

```
mkdir ../build-jaribio && cd ../build-jaribio
cmake -G Ninja \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/apps/qgis-jaribio \
  -DCMAKE_CXX_COMPILER_LAUNCHER=ccache \
  -DENABLE_TESTS=OFF \
  -DWITH_3D=OFF \
  -DWITH_SERVER=OFF \
  ..
```

Release ni kwa sababu ukiacha ikaweka taarifa za kudibagi faili zinanenepa sana, zinakula RAM wakati wa kuunganisha na zinakula diski. ENABLE_TESTS=OFF inakuondolea lundo la programu za majaribio ambazo wewe huzihitaji. 3D na seva hamzitumii kwenye atlasi, ziondoke. ccache iweke kwanza kwa apt, inakumbuka kila faili iliyokwisha kukompailiwa, ukilazimika kufuta folda ya build siku nyingine haitachukua usiku mzima tena.

Kuna mtu atakuja kukwambia uweke na WITH_BINDINGS=OFF ili uruke zile faili nzito za SIP. Ni kweli utaokoa muda mwingi sana, lakini Python yote inaondoka, hakuna plagini, na hata kisanduku cha zana za Processing hakitakuwepo maana chenyewe ni plagini ya Python. Kwa kiraka cha kuekspoti atlasi peke yake inaweza kutosha kwa jaribio la haraka, sehemu hiyo ni C++ tupu. Ila kama mnataka wenzako kazini waitumie kwa kazi zao za kawaida, acha bindings (hizo faili za kuunganisha Python) ziwepo.

Na kuhusu zile pakeji ulizokuwa unaweka moja moja, ipo njia ya amri moja:

```
sudo apt build-dep qgis
```

Hii inasoma orodha ya kila kitu ambacho waliotengeneza pakeji ya QGIS walihitaji, inakuwekea vyote. Ikikujibu "You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list" maana yake hujaruhusu sosi, nenda kwenye faili ya ripo ya qgis.org hakikisha mstari wa Types una deb na deb-src, kisha apt update. Ukitumia sosi ya ripo ya Ubuntu yenyewe utapata mahitaji ya 3.22 maana 22.04 ilitoka na hiyo, ile ya qgis.org ukiwa umechagua 3.34 inakupa mahitaji ya 3.34 hasa.

---

mchora_mitaro

Asanteni sana aisee, dmesg imeonyesha kabisa "Killed process" na jina cc1plus limerudi mistari mingi. Dada nimefuta ile build ya kwanza nimeanza na cmake yako, apt build-dep imeleta vitu vingi kumbe kuna vingine sikuwa navyo, swapu ipo. Inakwenda na -j1 tangu saa mbili usiku.

Ila huku kwetu umeme unakatika katika na betri ya laptopu imechoka. Ukikatika katikati nitalazimika kuanza mwanzo?

---

fundi_terminali

Huanzi mwanzo. Ukiwaka unawasha, unarudisha swapu kwa sudo swapon /swapfile2 (hujaiweka kwenye fstab, ile faili ya diski na swapu zinazowashwa zenyewe, kwa hiyo mashine ikizima inaachia), unaingia folda ileile, ninja -j1, basi.

Kitu kimoja tu cha kuangalia. Mashine ikizima ghafla kuna faili ya .o inaweza kubaki tupu, ipo kwa jina ila ndani haina kitu, na ninja inaweza kuiona ikadhani imekwisha. Hutajua mpaka mwisho kabisa wakati wa kuunganisha, utaona erori yenye maneno "file not recognized" na jina la hiyo faili. Kwa hiyo kila umeme ukikata, kabla ya kuendelea piga hii ndani ya folda ya build:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
```

Inafuta zilizo tupu tu, ninja itazitengeneza tena.

---

kijana_wa_pwani

Sawa nimewaelewa, kiraka kweli Flatpak haikisaidii. Nami naomba niulize hapohapo, bando langu dogo na git clone ikikatika inaanza upya yote, wenye mitandao ya kusuasua mnafanyaje?

---

dada_debiani

git clone ikikatika haiendelei, hilo ni kweli. --depth 1 aliyotumia mwenzako hapo juu inasaidia sana maana unavuta hali ya sasa tu bila historia yote ya mradi, na QGIS ilianza 2002 kwa hiyo historia ni ndefu. Mtandao ukiwa mbaya zaidi, tovuti ya QGIS wanaweka sosi ya kila toleo kama faili moja ya tar.bz2, hiyo unaivuta kwa wget -c na ikikatika unarudia amri ileile inaendelea ilipofika. Utakosa git ndani yake ila kiraka unaweza kukiweka kwa amri ya patch -p1 na kitakubali vilevile.

---

mchora_mitaro

Wakuu IMEISHA. ninja imefika mwisho haina erori. Nikafanya ninja install bila sudo, ikaenda kwenye apps/qgis-jaribio. Sasa nikifungua:

```
$ ~/apps/qgis-jaribio/bin/qgis
error while loading shared libraries: libqgis_app.so.3.34: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Nimekata namba ya mwisho ya toleo hapo. Faili lenyewe lipo kabisa kwenye apps/qgis-jaribio/lib nimeliona kwa macho yangu, mbona inasema halipo?

---

fundi_terminali

Hongera, hiyo iliyobaki ni ndogo. Programu ikiwaka, Linux inatafuta laibrari zake kwenye sehemu inazozijua, /usr/lib na wenzake, folda yako ya nyumbani haimo kwenye orodha hiyo. Unaielekeza hivi:

```
LD_LIBRARY_PATH=$HOME/apps/qgis-jaribio/lib \
  ~/apps/qgis-jaribio/bin/qgis --profile jaribio
```

Usiiweke LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc tafadhali, ukifanya hivyo kila QGIS utakayofungua kwenye terminali hata ile ya kazini inaweza kushika laibrari hizi, na tunarudi kwenye shida aliyoisema dada. Andika skripti fupi ya hiyo mistari uiite qgis-jaribio, iweke ~/.local/bin, uipe chmod +x.

Na hiyo --profile jaribio usiisahau. Inaanzisha profaili mpya yenye mipangilio yake na plagini zake, ile profaili yako ya kazi haiguswi. Watu wengi wanatenganisha programu halafu wanasahau kwamba mipangilio inakaa sehemu moja nyumbani.

---

dada_debiani

Na kabla hujasema kiraka kinafanya kazi naomba ukijaribu kwa haki. Ulikiweka kabla ya kukompaili kwa hiyo huna cha kulinganisha nacho. Kiondoe kwanza:

```
git apply -R ../atlasi.patch
```

Amri hiyo uipige ukiwa ndani ya folda ya QGIS. Kisha rudi build-jaribio, ninja -j1 na ninja install, ekspoti atlasi ya mtaa mmoja uandike majina ya faili yaliyotoka. Halafu kirudishe, kompaili, ekspoti atlasi ileile na mipangilio ileile. Usiogope, mara hii haichukui usiku, ninja inaangalia faili zipi zimebadilika inakompaili hizo na zinazozitegemea tu. Kama mwenzenu amegusa .cpp peke yake ni dakika chache, kama amegusa heda ya .h inayosomwa na kila mtu hapo utasubiri kidogo.

Jaribu na majina yenye nafasi ndani yake, na yenye mkwaju, mfano mtaa ulioandikwa na "/" katikati kwenye jedwali la sifa. Kiraka cha majina ya faili mara nyingi kinaangukia hapo, kwa sababu "/" kwenye jina la faili Linux inaiona kama folda.

---

mchora_mitaro

Dada umeona mbali. Majina ya kawaida yametoka vizuri, lakini kwenye data yetu kuna mitaa tumeandika majina mawili na mkwaju katikati, hizo kurasa hazikutoka. Nimemtumia mwenzetu, kasema anaongeza mstari wa kubadilisha mkwaju kuwa kistari. Ya kazini nimeifungua nayo ipo salama haijaguswa hata kidogo, nimeshukuru sana.

La mwisho, akimaliza anataka kukipeleka kwa wenye mradi ili kiwe kwenye 3.34 wote tunufaike. Ni kukituma tu hiki tulichonacho?

---

dada_debiani

Hapo mwambie mapema asije akavunjika moyo. Kitu kipya hakiingii kwenye tawi la 3.34, matawi yaliyokwisha kutolewa yanapokea marekebisho ya makosa tu. Kitu kipya kinapelekwa kwenye master, tawi kuu la mradi, na kinatoka na toleo linalofuata, kawaida yao wanatoa toleo kila miezi 4. Kwa hiyo achukue kiraka akiweke juu ya master, na huenda kikagoma sehemu kwa kuwa kodi imebadilika, atakirekebisha.

Master inaweza kudai laibrari mpya kuliko za 22.04, ila hilo lisimzuie, hahitaji hata kuikompaili kwenye laptopu yako. Afungue akaunti GitHub, afanye fork (nakala yake ya mradi), apushi tawi lake, afungue pull request (ombi la kuingiza mabadiliko) kuelekea master. Mashine za mradi zitakompaili zenyewe na kupiga majaribio yote, akiona alama nyekundu anabonyeza anasoma erori. Kwenye maelezo aandike mnakitumia kwa nini, ramani za mitaa, majina yanatoka kwenye sehemu gani ya jedwali, na aweke mfano wa majina kabla na baada, huo ambao umeshaupata. Na aandike jaribio fupi la kodi la jina lenye mkwaju, wataliuliza tu.

Nyie kwa sasa endeleeni na hiyo 3.34 yenu yenye kiraka kwenye apps. Siku mkitaka kuitoa, folda hiyo nzima inafutwa, pamoja na ile folda ya sosi ya QGIS, skripti ya qgis-jaribio na profaili ya jaribio, na swapu unaiondoa kwa sudo swapoff /swapfile2 halafu unafuta faili lake.

---

mchora_mitaro

Sawa dada, nimemfowadia huu uzi wote, anafungua fork leo usiku. Nitaweka linki ya pull request hapa ikishakuwa tayari ili mwenye nafasi akaipitie.